Pampu inanguruma lakini maji hayapandi: kabla ya kununua nyingine, pima kisima

Mvua zikishakatika na mwezi wa nane ukaingia, maswali ya aina moja huanza kufika studioni kwetu kutoka Igalula, Goweko na vijiji vya jirani. Pampu ya nyumbani imewashwa, inanguruma kama kawaida, lakini kwenye tanki hakuna kitu. Fundi wa kwanza anasema mota imekufa, wa pili anasema ni kapasita, na muuza duka anasema chukua mpya. Wapo walionunua mpya wakaifunga palepale ilipokuwa ya zamani, nayo ikanguruma vilevile bila kuleta tone.

Tunazungumzia hapa zile pampu ndogo za umeme zinazofungwa juu ya ardhi, kando ya kisima kilichochimbwa kwa mkono, nyingi zikiwa za nusu hospawa. Ndizo zinazojaza matanki ya nyumba, zinazonywesha ng'ombe na, kwa wakulima wa tumbaku, zinazomwagilia vitalu vya miche katika miezi ileile ambayo visima viko chini kabisa. Pampu ya namna hiyo inaweza kukataa kupandisha maji huku yenyewe ikiwa nzima, na sababu yake iko katika jambo ambalo wauzaji hawalielezi.

Anza na masikio

Sisi watu wa redio tunaamini sauti. Washa pampu, sikiliza kwa sekunde chache, kisha zima.

Kama kimya kabisa, tatizo ni umeme haufiki: plagi, swichi, breka, waya uliokatwa na panya, au kile kifaa cha kuelea kwenye tanki kinachozima pampu tanki likijaa na ambacho kimenasa. Fundi umeme atalipata kwa dakika chache.

Kama inatoa mvumo mzito, haizunguki, na ganda lake linapata moto haraka, zima mara moja. Hapo kuna mambo mawili ya kushuku. La kwanza ni kukwama. Ndani ya pampu hizi kuna gurudumu dogo la shaba lenye meno pembeni, nalo huzunguka katika nafasi nyembamba sana. Pampu ikikaa masika yote bila kuwashwa kwa sababu mlikuwa mnakinga maji ya mvua, kutu au mchanga uliokauka hulishika. Chomoa plagi, fungua mfuniko wa plastiki wa nyuma palipo na feni, uzungushe mhimili kwa bisibisi au kwa mkono. Ukiachia na kuanza kuzunguka kwa wepesi, mara nyingi kazi imekwisha. La pili ni kapasita, kile kikopo kidogo kinachoipa mota msukumo wa kuanza. Kikichoka, mota inavuma bila kuzunguka. Bei yake ni ndogo kuliko ya mota, ila hutunza umeme ndani hata baada ya plagi kuchomolewa, kwa hiyo mwachie fundi. Anayeweka kipya aweke chenye namba zilezile zilizoandikwa kwenye cha zamani.

Umeme dhaifu nao unaleta mvumo wa namna hiyo. Pampu imetengenezwa kwa volti 220 hadi 240. Nguvu ya mota ya kuzungusha haishuki sawasawa na volti bali inashuka kwa kasi zaidi: volti zikiwa 180 badala ya 230, nguvu hiyo inabaki kama asilimia 60 tu. Nyumba iliyo mwisho wa laini, jioni wakati kila mtu amewasha taa na televisheni, inaweza kufika huko. Ndivyo ilivyo pia kwa pampu iliyo mita 60 kutoka nyumbani na kulishwa kwa waya mwembamba wa taa. Ijaribu saa kumi na moja alfajiri kabla ya kumlaumu fundi.

Lakini kama inazunguka kwa sauti nyepesi, ya juu kuliko ulivyoizoea, na maji hayaji, basi mota yako ni nzima. Inazungusha hewa. Mengi katika makala haya yanahusu sauti hiyo, na jambo la kwanza ni kutoiacha iendelee. Maji ndiyo yanayopoza na kulainisha ile sili iliyo kati ya pampu na mota. Pampu ikizunguka kavu kwa dakika kadhaa, sili inaungua, kisha maji yanaingia kwenye mota na gharama inakuwa nyingine kabisa.

Pampu haivuti maji

Tunasema pampu inavuta maji kwa mazoea tu, kama tunavyosema jua linazama. Kinachotokea ni kwamba pampu inaondoa hewa ndani ya bomba. Nafasi ikibaki tupu, hewa iliyo juu ya uso wa maji kisimani inayasukuma maji yaingie bombani. Anayekunywa soda kwa mrija anafanya hivyohivyo: mdomo unapunguza hewa, na hewa ya nje inaisukuma soda juu. Anayepandisha maji ni hewa ya nje, na nguvu yake ina kikomo.

Kikomo hicho kilisumbua watu zamani. Mafundi wa Italia waligundua kwamba pampu zao, hata zitengenezwe vizuri namna gani, haziwezi kuvuta maji kupita mita 10 hivi. Mwaka 1643 Evangelista Torricelli, aliyemrithi Galileo huko Florence, alieleza sababu kwa kutumia zebaki, ambayo ni nzito mara 13 na zaidi kuliko maji: hewa iliweza kuishikilia kwenye mrija wa kioo kufikia sentimita 76 tu. Mwaka 1648 Mfaransa Blaise Pascal akamwomba shemeji yake apande na mrija wa namna hiyo juu ya mlima Puy de Dôme. Kadiri alivyopanda, zebaki ilishuka. Juu ya mlima hewa ni pungufu, kwa hiyo inasukuma kidogo.

Turudi nyumbani. Uwanda wetu wa Tabora uko kiasi cha mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Dar es Salaam au Tanga, hewa inaweza kusukuma maji hadi mita 10.3 kwa hesabu ya kitabuni. Hapa kwetu, kwa hesabu hiyohiyo, ni karibu mita 9. Hapo ni kama pampu ingeweza kuondoa hewa yote, bomba lisingekuwa na msuguano wowote, na maji yasingetoa mvuke. Pampu za dukani haziwezi hayo. Kwa matumizi ya kweli, hesabu mita 6 hadi 7, basi. Kibandiko cha pampu kinachosema inavuta mita 8 au 9 kimepimwa katika mazingira bora kuliko ya uani kwako.

Na hapa ndipo kibandiko kinapowapoteza watu. Kina namba nyingine kubwa, mara nyingi mita 35 au 40, mbele ya herufi H. Mnunuzi anasema: kisima changu kina mita 12, hii ya mita 40 itanitosha na kubaki. Namba hiyo ni ya kusukuma, yaani umbali ambao pampu inaweza kuyapandisha maji yakishaifikia. Kusukuma kunategemea nguvu ya mota. Kuvuta kunategemea hewa, na hewa haiongezeki kwa kununua pampu kubwa. Pampu ya hospawa 2 iliyokaa mita 10 juu ya maji itashindwa kama ya nusu hospawa, tofauti ikiwa kwenye bili ya umeme tu.

Upungufu wa maji upande wetu si habari mpya. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe ilipita pori lililoitwa Mgunda Mkali, kati ya Ugogo na Unyamwezi, na wapagazi walipanga mwendo wao kwa kisima hadi kisima. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, injini za mvuke nazo zilihitaji kujazwa maji njiani. Maji ya Igalula na jirani zake yamekaa kwenye udongo wa kichanga na nyufa za mwamba uliochakaa, yanapanda kwa mvua na kushuka kiangazi kila mwaka.

Kamba na jiwe

Kwa hiyo kipimo cha kwanza cha pampu inayozunguka bila kuleta maji kinafanywa kisimani. Chukua kamba, funga jiwe, shusha mpaka ulisikie likigusa maji, weka fundo usawa wa mdomo wa pampu, kisha toa na upime kwa futi kamba ya fundi. Pima kutoka pampu ilipokaa, si kutoka ardhini, maana pampu iliyopandishwa kwenye ukuta wa kisima wenye mita 1 imekula mita 1 ya nafasi yako.

Ukipata mita 4 au 5, kisima hakina lawama. Endelea kwenye sehemu inayofuata. Ukipata 7, uko pembeni. Ukipata 8 au zaidi, acha kutafuta ubovu kwenye pampu hiyo. Ilifanya kazi mwezi wa nne kwa sababu maji yalikuwa juu, na itafanya kazi tena mwezi wa kwanza.

Kuna hali inayochanganya zaidi: pampu inaleta maji vizuri nusu saa, kisha inakata, kesho yake inaleta tena. Kisima chenye upana wa mita 1 kina lita kama 785 katika kila mita 1 ya kina. Pampu inayotoa lita 30 kwa dakika inamaliza mita hiyo kwa dakika 26, kama chemchemi haijarudisha kitu. Ulianza na mita 6, umefika 7, na hewa imeshindwa. Pima wakati pampu imekata, si asubuhi kisima kikiwa kimejaa. Dawa ya hapa haina gharama: bana kidogo koki ya upande wa kutolea ili maji yatoke polepole, au pampu mara mbili kwa siku badala ya mara moja.

Kisima kiko karibu lakini maji hayaji

Hapa mtuhumiwa wa kwanza ni valvu iliyo mwisho wa bomba, ndani ya maji. Kazi yake ni kuruhusu maji yapande na kuyazuia yasirudi pampu ikizimwa. Pampu hizi haziwezi kuondoa hewa nyingi zenyewe; lazima ndani yake na bombani kuwe na maji tangu mwanzo. Valvu ikishikiliwa wazi na jani, kijiti au punje ya mchanga, maji yote yanarudi kisimani usiku, na asubuhi pampu inaamka kavu.

Jaribio lake ni rahisi. Chomoa plagi, fungua ile bolti iliyo juu ya pampu, mimina maji safi polepole mpaka yajae na mapovu yaishe. Subiri dakika 10 bila kuifunga. Maji yakibaki palepale, valvu na bomba ni vizima. Funga bolti, washa. Yakishuka, valvu inavuja au kuna kiungo kinachovuja. Toa bomba, safisha valvu, na ukiirudisha iache kiasi cha sentimita 30 kutoka chini ya kisima isile tope, na iwe imezama vya kutosha ili isifyonze hewa.

Mtuhumiwa wa pili hajulikani sana kwa sababu haachi alama. Bomba la kutolea likitoboka, utaona maji. Bomba la kuvutia likitoboka, huoni kitu: halimwagi maji nje, linaingiza hewa ndani. Ufa mdogo kwenye kiungo, tepu nyeupe iliyozungushwa haraka kwenye hesi, mpira uliopasuka kwa jua, vyote vinatosha. Paka povu zito la sabuni kwenye kila kiungo kati ya kisima na pampu, washa kwa muda mfupi huku kukiwa na maji ndani, na uangalie. Mahali ambapo povu linafyonzwa ndipo penye tundu.

Angalia pia bomba limelalaje. Kutoka kisimani hadi kwenye pampu liwe linapanda taratibu njia nzima. Likipinda juu kisha likashuka, kama pale mtu anapolipitisha juu ya tofali au mzizi, hewa inakusanyika kwenye nundu hiyo na kukata maji. Na lisiwe jembamba kuliko mdomo wa pampu. Tumeona mahali mdomo ni wa inchi 1 na bomba ni la nusu inchi kwa sababu ndilo lililobaki kwenye ujenzi. Pampu hapo ni kama mtu anayekimbia huku amebanwa pua.

Kanuni hiyohiyo ya hewa inafika mpaka jikoni. Ile mashine ndogo ya kahawa ya umeme yenye tanki la maji nyuma, ambayo baadhi ya nyumba za wageni wameanza kuwa nayo, ikikaa muda bila maji hunguruma bila kutoa kitu. Pampu yake imejaa hewa. Jaza tanki, likandamize likae vizuri ili valvu yake ya chini ifunguke, kisha fungua njia ya maji ya moto au mvuke na uiache isukume hewa nje kwanza. Ikikataa bado, shuku magadi na chokaa vilivyoganda ndani.

Usishushe pampu ya petroli kisimani

Mtu akishaelewa kwamba pampu ipo juu mno, wazo linalofuata ni kuishusha. Kwa pampu ya umeme wazo hilo si baya, ikiwa itakaa kwenye jukwaa imara na kutolewa kabla ya masika haijazamishwa na maji. Kwa pampu ya petroli ni kifo.

Injini ya petroli inatoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Uani inatawanyika. Ndani ya shimo lenye upana wa mita 1 haina pa kwenda. Anayeshuka kuizima au kurekebisha bomba anaishiwa nguvu miguuni kabla hajajua kinachotokea, anaanguka majini. Ndugu yake anaona ameanguka, anashuka kumtoa, naye anaanguka. Ndivyo kisima kimoja kinavyochukua watu wawili au watatu wa ukoo mmoja kwa dakika chache. Mshumaa au taa ya kibatari haikulindi, kwa sababu moto unaonyesha upungufu wa oksijeni tu. Unaweza kuendelea kuwaka mahali ambapo kaboni monoksidi imeshatosha kuua. Injini kuzimwa hakutoshi pia, kwani hewa hiyo hubaki shimoni kwa saa nyingi.

Mtu akianguka kisimani, usishuke. Piga 114, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na kama alikuwa amefungwa kamba, mvuteni kutoka juu. Anayelazimika kuingia kisimani kwa kazi yoyote afungwe kamba tangu mwanzo, pawe na watu wa kumvuta, na pampu ya umeme iwe imechomolewa kabisa, si kuzimwa swichi tu.

Maji yakiwa chini kuliko hewa inavyoweza

Ukishajua kwamba kisima chako hushuka kupita mita 7 kila kiangazi, unahitaji kifaa kinachosukuma kutoka chini badala ya kuvuta kutoka juu. Pampu ya kuzama, inayokaa ndani ya maji, ndiyo njia ya moja kwa moja. Kwa kisima cha mkono chenye mchanga chagua inayovumilia uchafu, ining'inize kwa kamba ya nailoni na kamwe si kwa waya wake wa umeme, na ifungiwe swichi inayokata umeme unapovuja. Zipo pia pampu za juu zenye mabomba mawili, moja likirudisha maji chini ili yasaidie kusukuma mengine juu. Zinafika mbali zaidi ya mita 7 ila hutumia umeme mwingi kwa maji kidogo, na sisi hatuzipendi kwa mahali penye volti dhaifu.

Kuchimba kisima kirefu kwa mashine ni uamuzi mwingine na unahitaji kibali cha bodi ya maji ya bonde. Kabla ya hapo waulize RUWASA wilayani Uyui, wakala wa maji vijijini ulioanza kazi mwaka 2019, kama kuna mradi unaokuja kijijini kwenu.

Pampu za mkono za kijijini, kama India Mark II na Afridev, hazisumbuliwi na kikomo cha mita 7 kwa sababu silinda yake imeshushwa mpaka majini. Mkono wako juu unavuta fimbo tu. Ikiwa ya kwenu inahitaji kupigwa mara 20 au 30 kabla maji hayajatoka, kisha inatoa vizuri, valvu ya chini inavuja. Ikiwa inatoa maji kidogo kila pigo hata baada ya muda, raba za pistoni zimekwisha. Mwambieni hivyo fundi wa chombo cha watumia maji mapema, ili aje na kifaa kinachohusika badala ya kuja kuangalia na kurudi.

Kwa kisima cha nyumbani, pima kwa kamba leo, kisha mwisho wa mwezi wa kumi kabla ya mvua, na uandike vipimo vyote viwili kwa rangi upande wa ndani wa mfuniko wa kisima. Utakapokwenda dukani, nenda na kile kikubwa.